Kabla Hujapanda Meli Ndogo ya Historia Mashariki mwa Mediterania

Binti yangu ni muuguzi Ujerumani, na tangu nistaafu ualimu wa historia hapa Tanga hakuacha kunisihi tusafiri pamoja. Nikamwambia majiji na maduka sina haja nayo. Nikitoka, niione ile bahari niliyoichora ubaoni kwa chaki miaka nenda miaka rudi: Ugiriki na visiwa vyake, pwani ya Uturuki, njia za meli za kale. Tukaziacha zile meli kubwa za abiria maelfu, tukachagua meli ndogo ya abiria wasiofika mia, yenye mhadhiri wa historia ndani. Ratiba yake ilikuwa kuondoka Piraeus, bandari ya Athens, kupita Delos, Santorini, Rhodes, Bodrum, Patmos na Kuşadası, ambayo ndiyo mlango wa Efeso, kisha kurudi Piraeus.

Watu wa kwetu waliposikia waliniuliza bei na viza, wakaishia hapo. Hayo mawili nitayaeleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayokwamisha wengi. Lakini liko swali la tatu ambalo hakuna aliyeniuliza: mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anakwenda kutafuta nini kule? Jibu nililipata Bodrum na Delos, na nililipata kwa kuuliza. Waongozaji watalii wana njia yao waliyoizoea, na njia hiyo haikupitishi penye habari zako mpaka useme.

Nianze na viza. Itazame ratiba hiyo tena. Unaingia Ugiriki kwa ndege. Ukitoka Rhodes unakwenda Bodrum, Uturuki. Unarudi Ugiriki pale Patmos, unavuka tena Uturuki pale Kuşadası, halafu unarudi Ugiriki kumalizia safari. Kwako wewe ni safari moja, chumba kile kile na kitanda kile kile. Kwa maofisa wa uhamiaji umeingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mara tatu. Viza ya kuingia mara moja inakufa siku unaposhuka Bodrum, na hata ya mara mbili isingetosha.

Wakala tuliyempa kazi ya kunijazia fomu alijaza "kuingia mara moja", kwa sababu aliona tiketi moja ya kwenda na moja ya kurudi. Binti yangu alitaka nimtumie picha ya fomu kabla haijapelekwa. Akanipigia usiku: "Mama, usisaini hiyo. Wameandika mara moja. Ukiondoka Rhodes huwezi kurudi Ugiriki." Tukairudisha, ikajazwa upya, tukaambatisha ratiba ya meli yenye tarehe na jina la kila bandari, na barua fupi ya kueleza kwa nini naomba kuingia mara nyingi. Viza ilitoka kama tulivyoomba. Ukipewa pasipoti yako, isome ile stika hapo hapo dirishani kabla hujaondoka: idadi ya kuingia, tarehe ya mwanzo na ya mwisho, idadi ya siku.

Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Juu yake kuna ada ya kituo kinachopokea maombi. Bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri huo mwisho, maana wakati wa likizo za Ulaya hata miadi ya kupeleka alama za vidole ni shida kupata. Nilipeleka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, barua ya pensheni, hati ya nyumba, na barua ya binti yangu pamoja na nakala ya kibali chake cha kuishi Ujerumani. Nadhani kilichonisaidia zaidi ni kwamba karatasi zote zilikuwa zinasema habari moja.

Kwa upande wa Uturuki, kuna utaratibu wa watalii wa meli kushuka mji wa bandari bila viza kwa muda usiozidi saa 72, kwa idhini ya mamlaka za pale bandarini. Kwa kuwa ni idhini, usiutegemee kwa kusikia. Iandikie kampuni ya meli, taja pasipoti yako ni ya nchi gani, na udai jibu la maandishi. Safari inayoishia Uturuki ni jambo jingine kabisa, hapo tafuta viza yako mapema.

Hata ukiwa na kila kitu, jiandae kusubiri. Kwenye bandari mojawapo abiria wote walishuka, pasipoti yangu ikabaki mezani kwa ofisa aliyekuwa akipiga simu huku na huku. Binti yangu alikataa kutangulia, tukakaa kwenye ngazi ya meli tukiwatazama wenzetu wakipanda basi. Iliniuma. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na pale nilikuwa mtu wa kukaguliwa mara ya pili na ya tatu. Kilichotuokoa ni bahasha ya nakala zilizochapwa: viza, uthibitisho wa meli, tiketi ya kurudi, bima. Ofisa alizipitia, akagonga muhuri, na mwongozaji alikuwa ametungoja. Simu inazima chaji, karatasi haizimi. Chapa.

Sasa bei. Iliyotangazwa ilikuwa zaidi kidogo ya euro 3,000 kwa kila mmoja, mkiwa wawili chumbani. Ukiwa peke yako unalipa nyongeza, na kwa meli ndogo nyongeza hiyo ni kubwa, kwa hiyo mwenzi wa chumba ni akiba. Sehemu yangu niliilipa kwenye kiinua mgongo, nauli ya ndege akanilipia binti. Nilipojumlisha mwishoni, nilikuwa nimetumia karibu mara moja na nusu ya bei ile. Ndani ya bei kulikuwa na chumba, chakula, mihadhara na ziara nyingi. Nje yake kulikuwa na ndege kupitia Doha, viza, bima, kodi za bandari, hoteli ya Athens kabla na baada, tiketi za baadhi ya makumbusho, vinywaji nje ya saa za chakula, kufuliwa nguo, na bahashishi ya wafanyakazi. Hiyo ya mwisho waliipendekeza euro 12 kwa siku kwa kila abiria. Wageni wa Ulaya walikuwa wameshaizoea, sisi ilitushtua. Uliza mapema uiingize kwenye hesabu, na uilipe kwa moyo mweupe, maana vijana wale wanafanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku wa manane.

Jambo la kufa na kupona ni hili: kabla ya kulipa chochote, ulizia kitakachotokea kwa fedha yako viza ikikataliwa. Kampuni mbili tulizoziandikia zilijibu kuwa malipo ya awali hayarudi kwa sababu yoyote ile. Ya tatu ilikubali kwa maandishi kurudisha, ikikata kiasi kidogo, tukiwaonyesha barua ya kukataliwa. Tukaenda na hiyo ya tatu. Na fahamu kuwa ile bima ya viza ni ya kuugua na kusafirishwa ukiugua. Haikulipi safari ikivunjika. Bima ya kuvunjika kwa safari ni nyingine, na kwa mtu wa umri wangu mwenye shinikizo la damu niliona inafaa gharama yake.

Tulifika Athens siku mbili kabla ya meli kuondoka. Meli haimngoji abiria aliyechelewa ndege, na mwili nao unahitaji kupumzika, kwa sababu safari hizi ni za kutembea. Nataka hilo lieleweke kwa kila anayefikiria kumpeleka mzazi: kila siku kuna mawe, ngazi, miteremko, jua lisilo na kivuli. Magoti yangu yaliniuma hasa. Miezi ya mwisho kabla ya safari nilikuwa nikitembea kila alfajiri, nikaongeza na ngazi. Bila hivyo ningebaki melini. Viatu viwe vimeshavaliwa vikalainika, soli iwe ya kushika, maana marumaru iliyokanyagwa na watu kwa miaka elfu mbili inateleza hata ikiwa kavu.

Tuliondoka Piraeus jioni mwanzoni mwa Septemba. Jua linazama tukapita rasi ya Sounion, nguzo nyeupe za hekalu la Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, ziko juu ya jabali. Watu wote wako nje na kamera. Tulipoiacha rasi ile nyuma yetu, bahari ikabadilika.

Upepo unaoitwa meltemi unavuma kutoka kaskazini majira ya kiangazi, pale mgandamizo wa hewa unapokuwa mkubwa juu ya Balkani na mdogo juu ya Uturuki. Julai na Agosti ndiyo miezi yake mikali, lakini Septemba haijauacha. Mimi ni mtu wa pwani, nimekua na kusi na kaskazi, nikadhani bahari naijua. Kwetu nimezoea upepo mkali unaotangazwa na mawingu. Ule ulikuja na mbingu nyeupe, nyota zote zinaonekana, na mawimbi yanapiga ubavu wa meli mpaka vikombe vinaanguka. Meli ndogo inayumba kuliko kubwa, hilo halifichiki. Binti yangu alikuwa ametuchagulia chumba cha chini, katikati ya meli, ambacho pia kilikuwa cha bei nafuu, na hapo ndipo meli inapoyumba kidogo zaidi. Wenye vyumba vya juu na roshani zao walikesha. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinamezwa kabla ya kuondoka, kigegezi kikishakushika havisaidii sana. Ukiwa na dawa nyingine unazotumia, muulize daktari wako kwanza, na uliza pia kama meli ina daktari, kwa sababu ndogo nyingi hazina.

Asubuhi nahodha alitangaza kuwa Delos haiwezekani. Kule watu hushushwa kwa mashua kwenye gati dogo, na mawimbi yale yangeumiza mtu. Tukajibanza upande wa demani wa kisiwa cha Syros, ambako upepo haufiki. Na kwa kuwa upepo ungeendelea, Santorini nayo ikaondolewa kwenye ratiba. Baadhi ya abiria walikasirika, mzee mmoja akadai fedha zake. Lakini mkataba ulisema wazi kuwa nahodha anaweza kubadili bandari kwa ajili ya usalama. Usome mkataba huo ukiwa nyumbani, na usiuweke moyo wako wote kwenye kisiwa kimoja. Mimi niliuweka wangu Delos, na siku ile nilikaa kimya mpaka binti yangu akawa na wasiwasi.

Hata hivyo Syros ilinifundisha uzuri wa meli ndogo. Ndani ya saa mbili mhadhiri alikuwa ameshapanga matembezi mapya. Mji wa Ermoupoli ulijengwa na wakimbizi waliokimbia vita vya uhuru vya Wagiriki miaka ya 1820, wengi wao kutoka Chios, wakaufanya bandari kubwa ya nchi mpya. Wana jumba la maonyesho la Apollon la mwaka 1864. Kilimani juu kuna kijiji cha Wakatoliki tangu enzi za Wavenisi, na ng'ambo yake ni kanisa la Waorthodoksi, wanatazamana. Tulikuwa karibu peke yetu mjini. Meli ya watu elfu tatu isingeweza kugeuka hivyo.

Maisha ya ndani ya meli niyaeleze kwa Waislamu wenzangu. Taarifa ya chakula itolewe wakati wa kuweka nafasi, halafu ukifika zungumza na mpishi mwenyewe. Nilimwambia nakula samaki, mboga na mayai, sili nyama wala kitu kilichopikwa kwa mvinyo, na tangu siku hiyo alikuwa akinionyesha kwa kidole sahani zangu. Kwa maharage yao ya mafuta ya zeituni, samaki wa kuchoma na mtindi wenye asali, sikupungukiwa kitu. Sala nilikusuru na kujumuisha kama msafiri. Kibla ilikuwa upande wa kusini mashariki, lakini meli inageuka, kwa hiyo programu ya dira kwenye simu ni muhimu, na uipakue kabla, maana katikati ya bahari mtandao haupo au ni wa kulipia ghali.

Mihadhara ilikuwa kwa Kiingereza cha haraka, kila jioni kabla ya chakula. Uliza jina na fani ya mhadhiri wa tarehe zako kabla ya kulipa. Kampuni hutangaza wahadhiri wazuri, lakini hawako kwenye kila safari. Omba pia orodha ya vitabu. Niliisoma kwa miezi, na tofauti niliiona: waliokuja bila kusoma kila bandari ilikuwa kwao mawe yale yale.

Rhodes sitaisema sana, picha zake ziko kila mahali. Watawa wapiganaji wa Kikristo, wale wanaoitwa Wahospitali, waliutawala mji huo tangu 1309 mpaka Sultani Suleiman alipouteka mwaka 1522, na barabara yao ya mawe ipo hadi leo. Nenda asubuhi sana. Meli kubwa zikishusha watu huwezi hata kuinua kamera.

Bodrum ndipo safari yangu ilipofunguka. Mji huu ndio Halicarnassus ya kale, alikozaliwa Herodotus, mwanahistoria wa Wagiriki wa kale. Ngome yake ilijengwa na wale wale Wahospitali, wakitumia mawe ya kaburi maarufu la mfalme Mausolus, na leo ndani yake kuna makumbusho ya mambo ya kale yaliyotolewa chini ya bahari. Kuna chumba cha meli ya Uluburun. Ilizama karne ya 14 KK karibu na Kaş, pwani ya kusini ya Uturuki. Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo alisimulia kuwa ameona chini ya bahari biskuti za chuma zenye masikio. Zilikuwa vipande vya shaba. Wanaakiolojia walizama pale kuanzia 1984 hadi 1994, wakatoa tani kumi za shaba, tani moja ya bati, mabonge ya kioo cha rangi ya bluu, pembe ya ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, na muhuri wa dhahabu wenye jina la Nefertiti, malkia wa Misri.

Mwongozaji alikuwa anatukimbiza kwenye huo muhuri. Mimi nilisimama penye vipande vya magogo meusi. Kibao kilisema ni mti mweusi wa Afrika. Nikamwita mhadhiri, nikamuuliza: mti gani hasa? Akasema wataalamu waliupima, ni *Dalbergia melanoxylon*.

Ni mpingo.

Nilimwambia binti yangu kwa Kiswahili, "Mwanangu, huu ni mpingo," akanishika mkono. Sidai kuwa ulitoka kwetu. Mpingo unaota pia Sudan na Ethiopia, na njia inayoelekea zaidi ni ya Misri. Lakini ni mti ule ule ambao Wamakonde wanauchonga, ule ule wa fimbo ya marehemu baba yangu, na ulikuwa bidhaa ya kifalme katika bahari ile miaka 3,300 iliyopita. Nilifundisha biashara ya kale kutoka kwenye vitabu ambamo Afrika kusini ya Misri ilikuwa ukingo wa ramani, na hapa ilikuwa shehena katikati ya meli. Mhadhiri aliniomba jioni niwaeleze abiria habari za mpingo: unavyokua polepole, unavyofanya msumeno kuwa butu, unavyotengenezewa zumari za Ulaya. Nilizungumza, na maswali hayakwisha mpaka chakula kikapoa. Kuanzia siku hiyo waliokuwa wakinipita kwa tabasamu la adabu wakaanza kukaa meza yetu.

Patmos tulipanda kwenye monasteri ya Mtakatifu Yohana, iliyoanzishwa mwaka 1088, na pango ambalo Wakristo wanaamini ndimo alimopata maono ya kitabu cha Ufunuo. Mabega na magoti lazima yafunikwe, na wageni kadhaa walirudishwa mlangoni wakatafute vitambaa. Pangoni usipige picha, usizungumze. Kuna mama alikuwa analia kwa kusali, na sisi sote tulikuwa wageni wake.

Efeso, Waturuki wanakuita Efes, anza kwa lango la juu uteremke. Basi nyingi hufanya hivyo, lakini hakikisha. Uso wa maktaba ya Celsus uliosimama pale uliinuliwa tena miaka ya 1970 kutoka kwenye vifusi. Ukumbi wa wazi unachukua watu wapatao 25,000, na ndimo Matendo ya Mitume yanasimulia mafundi fedha wa Demetrio walivyofanya ghasia dhidi ya Paulo. Nyumba za matajiri kilimani zina tiketi ya peke yake. Ilipe: kuna paa, kivuli, na sakafu za nakshi ambazo wengi wanazipita bila kujua. Mwisho simama mwanzo wa barabara ya bandari utazame mbele. Hakuna bahari. Mto ulileta tope karne baada ya karne mpaka bandari ikafukiwa na mji ukafa. Sikuhitaji maelezo zaidi, nimewapeleka wanafunzi Tongoni, kusini mwa Tanga, kwenye msikiti na makaburi ya mji uliokuwa na biashara yake nao ukaachwa.

Ziara za Efeso mara nyingi huwekewa kituo kwenye duka la mazulia, saa nzima inapotea kwa chai na kubembelezwa. Uliza kama kimo kwenye ratiba. Sisi kilikuwamo. Nikaomba dereva atushushe badala yake kwenye msikiti wa Isa Bey wa mwaka 1375, hatua chache kutoka palipokuwa hekalu la Artemi, na mwongozaji akakubali tuwafuate wenzetu baadaye. Tulisali adhuhuri pale, chini ya nguzo zilizotoka kwenye mji wa kale.

Tukiwa njiani kurudi Piraeus upepo ulilala, na nahodha akasema tutajaribu Delos alfajiri.

Delos ni kisiwa kidogo, hakina hoteli, wanaolala pale ni walinzi na wanaakiolojia. Wagiriki waliamini mungu wao Apollo alizaliwa hapo. Mwaka 426 KK Waathene waliamuru makaburi yote yahamishwe na mtu asizaliwe wala kufia kisiwani. Baadaye, kwa amri ya Warumi, kilifanywa bandari isiyotoza ushuru, na wafanyabiashara wa kila taifa wakajaa: kuna mahekalu ya Isis, mungu wa kike wa Misri, ya miungu ya Syria, kuna sinagogi, kuna nyumba zenye sakafu za nakshi za Dionysus, mungu wa mvinyo, na za pomboo. Simba wa marumaru unaowaona nje ni nakala, wa asili wako ndani ya makumbusho. Mwongozaji alitueleza hayo yote kwa ufasaha. Alitaja mafuta, mvinyo, nafaka, pembe.

Nikamuuliza: na watumwa waliuzwa wapi?

Alisita, kisha akajibu kwa uungwana. Mwanajiografia Strabo aliandika kuwa Delos iliweza kupokea na kutoa watumwa makumi ya maelfu kwa siku moja, mpaka ikawa methali: mfanyabiashara, tia nanga, shusha, vyote vimeshauzwa. Mahali penyewe hapajulikani. Kuna wataalamu wanaosema ni ule uwanja mkubwa wa Waitalia, wengine wanakataa. Akatupeleka. Ni majani makavu, nguzo zilizovunjika, mijusi. Hakuna kibao kinachowataja.

Mimi ninatoka jirani na Pangani. Zanzibar nimesimama Mkunazini, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ambapo angalau kuna kanisa na sanamu za waliofungwa minyororo. Kwenye uwanja ule nilishindwa kujizuia, nikalia, na nikawasomea Fatiha watu ambao sijui walikuwa wa dini gani. Wengi wao walitoka Asia Ndogo, Syria na Thrace, si ndugu zangu kwa damu. Wenzetu walisimama nyuma kimya, kisha mhadhiri akawaambia abiria kwamba nyumba nyingi walizozipiga picha asubuhi ile zilijengwa na biashara hii. Kisiwa kilishambuliwa na jeshi la Mithridates, mfalme aliyepigana na Warumi, mwaka 88 KK, maharamia wakakimalizia mwaka 69 KK, na hakikuinuka tena.

Ukienda Delos beba maji ya kutosha, kofia, na chakula kidogo, hakuna mti wa kukustiri. Panda mlima Kynthos mapema kama magoti yanaruhusu, una mita 113 tu lakini ngazi zake ni za mawe yasiyo sawa. Mimi niliishia nusu, binti yangu akafika juu.

Usiku wa mwisho melini wanakuletea hesabu chumbani. Ipitie mstari kwa mstari siku hiyo hiyo. Kwenye yetu kulikuwa na malipo ya ziara ya hiari ya Santorini, kisiwa ambacho hatukukikanyaga, pamoja na chupa za maji ambazo mkataba ulisema ni bure. Binti yangu alishuka mapokezi na mkataba mkononi, akaongea kwa upole, nami nikiwa pembeni yake. Ukishateremka Piraeus na mizigo yako, dai lako linakuwa la barua za miezi. Walitufutia pale pale, wakachapa risiti mpya, tukasaini, tukaenda kulala.